ARDHI ILIYOCHUKULIWA KWA KARATASI

Wengi wetu tuliopita shuleni tuliulizwa swali hili katika mtihani: Nani aligundua Amerika? Jibu lilikuwa Christopher Columbus, mwaka 1492, na aliyeandika jibu jingine alipata sifuri. Hatuna ugomvi na tarehe; tarehe ni ya kweli. Ugomvi wetu ni juu ya lile neno dogo "aligundua", ambalo limekaa katika vitabu kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu usiku, na kulipokucha akamwuliza mwenye nyumba anatafuta nini humo.

Tarehe 12 Oktoba, 1492, Columbus alipokanyaga ufuko wa kisiwa kile kidogo cha Bahama, palikuwa na watu, palikuwa na mashamba ya muhogo, palikuwa na mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja, na palikuwa na jina. Wenyewe walikiita kisiwa chao Guanahani. Yeye akakiita San Salvador, akaendelea na safari. Watu aliwaita Wahindi, maana alidhani amefika jirani na Bara Hindi, na kosa hilo la baharia mmoja wajukuu wa wenyeji wale wamelibeba kwa zaidi ya miaka 500. Akikosea mnyonge huitwa mjinga. Akikosea mwenye silaha, kosa lake hugeuka jina la kabila zima.

Lakini twataka wasomaji watazame jambo alilolifanya mwanzo kabisa aliposhuka pwani. Alikunjua bendera ya wafalme wa Hispania, akamwita karani aliyesafiri naye, Rodrigo de Escobedo, akamtaka aandike na kushuhudia kwamba tangu saa ile nchi ile ni mali ya mfalme na malkia. Wenyeji walikuwapo wakitazama. Hawakuulizwa neno, wala hawakujua ni nini kinachoandikwa. Karani aliandika, wino ukakauka, na kwa desturi za Ulaya shauri likawa limekwisha.

Na karatasi hiyo haikuwa ya kwanza. Tarehe 17 Aprili mwaka ule ule, kabla merikebu tatu za Columbus hazijang'oa nanga, Malkia Isabella na Mfalme Ferdinand walikuwa wamekwisha tia sahihi mapatano naye huko Santa Fe, karibu na mji wa Granada. Katika mapatano hayo Columbus alipewa cheo cha Amiri wa Bahari, akapewa kuwa makamu wa mfalme na gavana wa visiwa na nchi zote atakazozipata, na akaahidiwa sehemu moja ya kumi ya dhahabu, fedha, lulu, viungo na kila mali itakayotoka humo. Twawaomba wasomaji wasipite hapa upesi. Mtu alipewa kutawala nchi ambazo yeye hajaziona, aliyempa hajaziona, na wote wawili hawakujua kama zipo. Ugavana ulitangulia nchi.

Mwaka uliofuata likaja shauri la Roma. Papa Alexander wa Sita, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Hispania, alitoa hati tarehe 4 Mei, 1493, akachora mstari katika bahari ya Atlantiki toka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini, na yaliyo magharibi ya mstari huo akawapa Wahispania. Wareno walinung'unika, kwa kuwa wao walikuwa na hati yao ya mwaka 1455 iliyowapa pwani za Afrika. Basi wafalme hao wakapeleka wajumbe wao katika mji mdogo wa Tordesillas, na tarehe 7 Juni, 1494, mstari ukasogezwa mpaka zaidi ya maili 1,000 magharibi ya visiwa vya Cape Verde. Upande huu wako, upande huu wangu. Nduguze wawili wanaogawana urithi wa baba yao hugombana kuliko walivyogombana hao, na hao walikuwa wakigawana nchi za watu.

Sisi wa pwani hii tulikuwa upande wa mashariki wa mstari, yaani fungu la Mreno, wala hakuna aliyekuja kutuambia. Mwezi Machi 1500 Pedro Álvares Cabral alitoka Lisbon na merikebu 13 kwenda Bara Hindi. Akakata mbali sana magharibi, na tarehe 22 Aprili akaiona nchi ambayo leo yaitwa Brazil. Alikaa huko kama siku 10, akasimika msalaba mkubwa, akatuma merikebu moja irudi Ureno na habari, akatweka. Dhoruba ilimzamishia merikebu nne karibu na rasi ya kusini ya Afrika. Mwezi Julai mwaka ule ule alikuwa bandarini Kilwa, akimtaka Amiri Ibrahim afunge naye mkataba, na Amiri hakukubali. Mwaka 1502 akaja Vasco da Gama, akamlazimisha Amiri kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, akaupora mji wa Kilwa na kujenga ngome, kisha akaenda Mombasa akauchoma moto. Tumeandika haya ili msomaji asidhani kwamba mambo ya Brazil na mambo ya Kilwa ni vitabu viwili. Ni merikebu zile zile, na ni karatasi ile ile. Lakini turudi Amerika, kwani huko ndiko kazi ya karatasi hizo ilikofika mwisho wake.

Kisiwa kikubwa ambacho Wahispania walikiita Hispaniola, ambamo leo mna nchi mbili, Haiti na Jamhuri ya Dominika, ndicho kilichokuwa koloni lao la kwanza. Columbus alirudi huko mwishoni mwa 1493 na merikebu 17 na watu zaidi ya 1,000. Alikuwa amewaahidi wakubwa wake dhahabu, na dhahabu ikawa kidogo. Mwaka 1495 aliwakamata wenyeji yapata 1,500, akachagua 500 walio bora, akawapakia kwenda kuuzwa Hispania. Kiasi cha 200 kati yao walifia baharini wakatoswa majini. Kisha ikawekwa kodi. Katika wilaya zenye dhahabu, kila mtu wa miaka 14 na zaidi alitakiwa kila miezi mitatu kujaza dhahabu katika njuga, zile kengele ndogo ambazo Wazungu huwafunga mwewe miguuni. Wa wilaya nyingine walitoa ratili 25 za pamba. Aliyelipa alipewa kipande cha shaba akivae shingoni, na aliyekutwa bila kipande aliadhibiwa. Neno kipande wazee wetu hawahitaji kufafanuliwa.

Mito ile haikuwa na dhahabu ya kujaza njuga hizo. Watu waliacha mashamba wakakimbilia milimani, na njaa ikaingia kwa wenyeji na kwa wageni pia.

Kodi iliposhindikana, wakubwa walibuni jambo jingine, nalo likapewa jina jema. Jina lake ni encomienda, na kwa lugha yao neno hilo hutoka katika kukabidhi, kama mtu anavyomkabidhi mwenziwe amana. Mlowezi alipewa hati kwamba amekabidhiwa chifu fulani na watu wake, 50 au 100 au zaidi. Yeye awatunze na kuwafundisha dini, na wao wamfanyie kazi migodini na mashambani. Ardhi kwa maandishi haikuwa yake, wala watu kwa maandishi hawakuwa watumwa. Ni amana tu. Ajabu ya amana hii ni kwamba mwenye mali ndiye aliyekabidhiwa kwa mwizi.

Gavana aliyelisimamia jambo hili kwa nguvu alikuwa Nicolás de Ovando, aliyefika mwaka 1502. Upande wa magharibi wa kisiwa, katika nchi ya Xaragua, alitawala mwanamke, Anacaona, mtu mwenye sifa kubwa kwa watu wake. Mwaka 1503 Ovando alikwenda huko na askari. Anacaona akamwandalia ngoma na karamu kama ada ya kumpokea mgeni, akawaita machifu wa nchi nzima waje kumwamkia. Machifu walipokwisha ingia nyumbani, askari waliizingira nyumba, wakaichoma moto pamoja na waliokuwamo. Anacaona alichukuliwa mpaka Santo Domingo, akanyongwa. Twalitaja jina lake kwa makusudi, kwa kuwa majina ya magavana yanajulikana, na miji imepewa majina hayo.

Wako watu watakaotuambia: Nyinyi mnawalaumu watu bure, wenyeji waliuawa na maradhi. Neno hili lina ukweli ndani yake na hatulikatai. Ndui, surua na mafua vilikuwa vigeni katika nchi ile, na viliua watu wengi kuliko panga zote za Wahispania. Lakini tutazame tarehe. Wahispania wenyewe waliwahesabu wenyeji wa Hispaniola mwaka 1514, ili wawagawanye upya kwa walowezi. Waliobaki hawakufika 30,000, katika kisiwa ambacho wataalamu wengi, pamoja na ubishi wao mwingi, hukadiria kwamba mwanzo kilikuwa na watu laki kadhaa. Ndui iliingia kisiwani mwishoni mwa 1518. Maradhi mengine huenda yalikwisha anza, lakini mtu aliyetolewa shambani kwake, akatiwa mgodini miezi mingi, akarudi akakuta mkewe hana chakula, huyo hata homa ndogo humwua. Ugonjwa haukupewa encomienda na mtu yeyote. Watu ndio waliopewa.

Haki yataka tuseme pia kwamba hata miongoni mwa Wahispania walikuwako waliopaza sauti. Jumapili tarehe 21 Desemba, 1511, mbele ya Gavana Diego Columbus na wakubwa wote wa Santo Domingo, padre mmoja wa shirika la Wadominiko, Antonio de Montesinos, alipanda mimbarini akawauliza wale walowezi usoni ni haki gani iliyowapa ruhusa ya kuwatumikisha watu wale na kupigana nao katika nchi yao wenyewe, na kama wao si wanadamu. Waliomsikiliza walikasirika, wakaenda kumtaka ayarudishe maneno yake. Jumapili iliyofuata akapanda tena, akayasema makali zaidi.

Swali likavuka bahari likafika kwa mfalme. Na hapa ndipo twaona kazi ya wanasheria. Mfalme Ferdinand aliwakusanya wataalamu wa dini na sheria huko Burgos, na mwishoni mwa 1512 wakatoa sheria za kuwatunza wenyeji: wapumzike siku kadhaa, wasipigwe, wajengewe kanisa. Encomienda yenyewe haikuguswa. Swali la Montesinos lilikuwa juu ya haki. Jibu likawa juu ya mapumziko.

Kisha mwaka 1513 mwanasheria wa mfalme, Juan López de Palacios Rubios, akaandika ile hati ambayo kwa lugha yao yaitwa Requerimiento, yaani Madai au Onyo. Tungependa kila mwanachama aijue. Iliamriwa kwamba hakuna jemadari wa Hispania atakayeshambulia nchi mpya kabla hajawasomea wenyeji hati hii. Ndani yake waliambiwa kwamba Mungu mmoja aliumba ulimwengu, kwamba alimweka Petro juu ya watu wote, kwamba Papa ameshika mahali pa Petro, na kwamba Papa mmoja amewapa wafalme wa Hispania visiwa na nchi hizi. Basi wenyeji watakiwa kulikubali Kanisa, na Papa, na mfalme. Wakikubali watapokewa kwa upendo. Wasipokubali, au wakichelewa, watapigwa vita kwa kila njia, watatekwa wao na wake zao na watoto wao, watauzwa, mali zao zitachukuliwa, na vifo vyote vitakavyotokea vitakuwa ni kosa lao wenyewe, wala si la mfalme, wala si la askari waliokuja. Mwisho karani alitakiwa kutia sahihi kwamba imesomwa.

Ilisomwa kwa Kihispania. Mara nyingi hapakuwa na mkalimani. Ilisomwa usiku, nje ya mji, kwa sauti ya kunong'ona, watu wakiwa wamelala. Ilisomewa miti na vibanda vitupu ambavyo watu wake wamekwisha kimbia. Ilisomwa hata merikebuni, nchi ikionekana kwa mbali. Karani alitia sahihi vile vile.

Mara moja, lakini, ilisomwa kwa watu walioielewa. Martín Fernández de Enciso, mwanasheria na jemadari, aliwaeleza machifu wa nchi ya Sinú, ambayo leo imo katika Colombia, na yeye mwenyewe aliandika majibu yao katika kitabu alichokichapa mwaka 1519. Habari ya kwamba Mungu ni mmoja, walisema, ni njema na wanaikubali. Ama Papa aliyegawa kitu kisicho chake, huyo bila shaka alikuwa amelewa. Na mfalme aliyeomba zawadi ya namna hiyo ana wazimu. Kama mfalme huyo anataka nchi yao, na aje aichukue mwenyewe. Enciso aliichukua kwa vita. Machifu wale hawakusoma chuo chochote cha sheria, lakini katika miaka 500 hatujaona wakili aliyeipinga hati ile kwa ufupi na ukweli kuliko wao.

Tumtaje na Bartolomé de Las Casas, kwa kuwa habari yake yatuhusu Waafrika kwa uchungu. Yeye alikuja Hispaniola mwaka 1502, akapata watu wake wa amana kama wengine. Mwaka 1514 dhamiri ilimsuta, akawaachia, na maisha yake yote yaliyobaki aliwatetea wenyeji kwa kalamu na kwa safari zisizohesabika za kwenda kwa mfalme. Lakini katika miaka ya kwanza ya utetezi huo aliona njia ya kuwapumzisha wenyeji: waletwe watumwa weusi mahali pao. Baadaye alijuta, akaandika kwamba utumwa wa Waafrika ni dhuluma ile ile. Majuto yake twayaheshimu, lakini merikebu hazikungoja majuto. Mwezi Agosti 1518 mfalme Charles alitoa ruhusa ya maandishi ya kupeleka Waafrika 4,000 Amerika moja kwa moja. Karatasi nyingine hiyo. Na Krismasi ya mwaka 1521, katika shamba la miwa la yule yule Diego Columbus, Waafrika waliasi, wengi wao Wawolofu wa Senegal. Walishindwa, lakini walikwisha onyesha kwamba kumwondolea mtu mmoja mzigo na kumtwika mwingine si dawa.

Katika kisiwa hicho hicho kijana mmoja chifu, ambaye Wahispania walimwita Enriquillo, alilelewa na mapadre, akajua kusoma na kuandika. Bwana wake alipomdhulumu, yeye alikwenda kwanza mahakamani, akitumia sheria zao na lugha yao. Alishindwa, akaadhibiwa kwa kushtaki. Mwaka 1519 akaenda na watu wake katika milima ya Bahoruco, akapigana miaka 14, na Waafrika waliotoroka mashambani wakajiunga naye. Mwaka 1533 mfalme wa Hispania alilazimika kufanya naye amani, akamwandikia barua kwa jina la heshima la Don Enrique, na watu wake wakapewa uhuru na ardhi ya kukaa. Hiyo ni karatasi moja katika hadithi hii yote iliyokuwa na maneno ya kweli, na ilikuja baada ya miaka 14 ya msituni.

Las Casas naye aliona faida ya kazi yake mwaka 1542, mfalme alipotoa Sheria Mpya: wenyeji wasifanywe watumwa tena, na amana zisirithishwe kwa watoto. Walowezi wa Peru walipozisikia walishika silaha, na mwaka 1546 walimwua makamu wa mfalme aliyeletwa kuzitekeleza. Kabla ya hapo, mwaka 1545, mfalme alikwisha ondoa kifungu cha urithi. Watu wale wale waliokuwa wakiwasomea wenyeji kwamba kumwasi mfalme adhabu yake ni utumwa, walimwasi mfalme, na utumwa haukuwapata.

Sasa tuguse jambo ambalo huumiza zaidi. Hernán Cortés alishuka pwani ya Mexico mwaka 1519 na askari wapata 500. Mji wa Tenochtitlan ulikuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya Ulaya ya siku zile. Watu 500 hawawezi kuuteka mji wa namna hiyo, na hawakuuteka. Ulitekwa na maelfu kwa maelfu ya wenyeji wenyewe, wa mbele wakiwa watu wa Tlaxcala. Wala tusiwatukane Watlaxcala upesi. Watu wa Tenochtitlan walikuwa wamewazingira miaka mingi, wakiwanyima pamba na hata chumvi, na miji mingine waliitoza kodi nzito na kuchukua watu wake kuwa kafara. Anayesema kwamba Amerika ilikuwa pepo kabla ya Mzungu hasemi kweli, na sisi hatuhitaji uongo huo. Mtu aliyenyimwa chumvi na jirani yake humsikiliza mgeni yeyote. Mgeni yule alilijua jambo hilo ndani ya wiki chache, na alimtumia mkalimani hodari, Malintzin, mwanamke ambaye watu wa Tabasco walimtoa kama kijakazi pamoja na wenzake 19. Ndui iliingia mjini mwaka 1520, ikamwua hata mfalme mpya, Cuitláhuac. Mji ulianguka tarehe 13 Agosti, 1521. Watlaxcala walipewa nishani na majina ya heshima, wakafanywa raia wa mfalme wa Hispania, nao wakaanza kuandika barua za kumkumbusha ahadi zake. Wajukuu wao waliendelea kuziandika.

Peru ilikuwa vivyo hivyo. Watoto wawili wa mfalme, Atahualpa na Huáscar, walikuwa wametoka kupigana wao kwa wao, na Francisco Pizarro alifika Cajamarca mwezi Novemba 1532 na watu 168. Padre akamwelezea Atahualpa habari za Papa na mfalme na kumpa kitabu; Atahualpa akakitazama, akakitupa chini, na hiyo ikawa sababu ya kutosha. Alijikomboa kwa kujaza chumba dhahabu mara moja na fedha mara mbili. Dhahabu ilipokelewa, naye akauawa mwaka 1533, baada ya kesi. Kesi hawakuisahau. Mwaka 1545 likapatikana jabali la fedha huko Potosí, na toka 1573 serikali ilitoza vijiji zamu ya wanaume yapata 13,500 kila mwaka kwenda kulichimba.

Kuna wanaodhani kwamba haya yalikuwa makosa ya Wahispania na Wareno, na kwamba Waingereza walikuja kwa njia nyingine. Soma hati zao. Mwaka 1496 Mfalme Henry wa Saba alimpa John Cabot ruhusa ya kutwaa nchi zisizojulikana na Wakristo. Mwaka 1584 Malkia Elizabeth alimpa Walter Raleigh nchi zozote ambazo hazina mtawala Mkristo. Papa hayumo, lakini mantiki ni ile ile. Mwaka 1823 mahakama kuu ya Marekani, chini ya Jaji John Marshall, iliamua kesi ya wazungu wawili waliogombania ardhi iliyonunuliwa kwa wenyeji. Ilisema kwamba Mzungu aliyegundua nchi ndiye aliyepata haki ya kuimiliki, na mwenyeji amebakiwa na haki ya kukaa tu. Wenyeji hawakuwamo katika kesi ile.

Hukumu hiyo ndiyo iliyotufanya tuliandikie jambo hili nafasi kubwa katika gazeti. Watu wa taifa la Oneida, katika jimbo la New York, walinunua kwa fedha zao wenyewe, katika miaka ya 1990, sehemu ya ardhi iliyokuwa ya babu zao. Wakasema ardhi imerudi katika mamlaka yao, hivyo mji wa Sherrill hauna haki ya kuwatoza kodi. Mwaka 2005 mahakama kuu iliwakatalia kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, na katika maelezo ya chini ya ukurasa wa hukumu yakatajwa tena yale mafundisho ya ugunduzi.

Mwezi Julai 2022 Papa Francis alipokwenda Kanada, wenyeji walikunjua bendera kanisani mbele yake wakitaka mafundisho hayo yafutwe. Tarehe 30 Machi, 2023, Vatican ilitoa tamko la kuyakana, ikisema kwamba hati zile za kale si sehemu ya imani ya Kanisa Katoliki. Twalipokea tamko hilo kwa mikono miwili. Limechukua miaka 530 toka hati ya Papa Alexander. Hukumu ya mwaka 1823 bado haijatenguliwa, na wanafunzi wa sheria wa Marekani huisoma katika kurasa za mwanzo kabisa za somo la mali.